Sesheni na ruhusa: mfumo wa SACCOS unavyovuja baada ya mtumiaji kuingia

Keshia ameingia kwenye mfumo kwa jina lake na nenosiri lake. Amefungua mkopo wa mwanachama aliyesimama dirishani, na juu kwenye kivinjari anwani inasomeka mkopo.php?id=418. Anafuta 8, anaandika 9. Ukurasa unafunguka: mkopo wa mtu mwingine, wa tawi lingine, pamoja na mshahara wake, wadhamini wake na namba zao za simu. Hakuna nenosiri lililoibwa. Mfumo ulimuuliza keshia yeye ni nani, akajibu, na haukumuuliza tena chochote mpaka jioni.

Kosa hili linarudi katika mfumo baada ya mfumo. Wajenzi humwaga nguvu zao zote kwenye ukurasa wa kuingia, kisha kurasa themanini zilizo nyuma yake zinaachwa zikimwamini kila aliyepita mlangoni. OWASP, shirika linalofuatilia usalama wa programu za wavuti, liliweka udhibiti mbovu wa ufikiaji nafasi ya 1 katika orodha yake ya mwaka 2021. Katika orodha ya 2017 ulikuwa nafasi ya 5. Hapa nachukua mfano wa SACCOS yenye matawi machache na mfumo ulioandikwa kwa lugha ya PHP, wenye hifadhidata ya MySQL. Nimeichagua kwa sababu ina jambo ambalo vitabu vya kufundishia hulipita: wafanyakazi wake ni wanachama pia, na wao wenyewe hukopa humo humo.

Tuanze na sesheni, yaani kipindi tangu mtumiaji anapoingia mpaka anapotoka. Itifaki ya HTTP, njia ambayo kivinjari na seva huwasiliana, haina kumbukumbu. Kila ombi linafika kwenye seva kama mgeni mpya. Ili seva imtambue aliyekwisha kuingia, humpa mfuatano wa herufi za kubahatisha unaokaa kwenye kidakuzi (cookie) cha kivinjari. Kwa PHP kidakuzi hicho huitwa PHPSESSID, na upande wa seva kuna faili linaloanza na sess_ lenye taarifa zake. Kifananishe na kikaratasi cha kuhifadhia mizigo stendi: atakayekuja nacho ndiye atakayepewa begi, hata kama hakuliweka yeye. Ndiyo maana nenosiri gumu halimsaidii mtu ambaye kidakuzi chake kimechukuliwa. Oktoba 2010 Eric Butler alitoa Firesheep, nyongeza ya Firefox iliyomwezesha mtu yeyote aliyekaa kwenye Wi-Fi ya wazi kuchukua sesheni za waliokuwa karibu naye kwa kubofya jina tu. Tovuti nyingi wakati ule zilitumia HTTPS, yaani HTTP iliyosimbwa, kwenye ukurasa wa kuingia peke yake, kisha zikarudi HTTP.

Kwa hiyo HTTPS iwe kwenye kila ukurasa. Cheti cha Let's Encrypt ni cha bure, gharama haipo tena ya kusingizia. Kisha kwenye php.ini, faili la mipangilio ya PHP, weka session.cookie_secure iwe 1, ili kidakuzi kisipite kamwe kwenye HTTP, session.cookie_httponly iwe 1, ili JavaScript iliyopenyezwa kwenye ukurasa isiweze kukisoma, session.cookie_samesite iwe Lax, ili fomu iliyotegwa kwenye tovuti nyingine isiweze kutuma malipo kwa jina la keshia wako, na session.use_strict_mode iwe 1, kwa sababu bila hiyo PHP hukubali namba ya sesheni ambayo haikuitoa yenyewe. Usiishie hapo kwa fomu: kila inayobadilisha kitu iwe na tokeni yake ya siri inayokaguliwa na seva.

Kwenye kuingia kwenyewe makosa mawili yanatosha kutajwa. La kwanza ni safuwima ya nenosiri. Fanksheni ya password_hash hugeuza nenosiri kuwa heshi ya bcrypt, mfuatano usiorudishika kuwa nenosiri, wenye herufi 60. Aliyetengeneza jedwali akaweka VARCHAR(50), kwenye MySQL isiyo na hali kali ya ukaguzi, heshi hukatwa kimyakimya. Usajili unaonekana umefaulu, lakini password_verify itakataa milele. Weka VARCHAR(255). La pili ni kusahau session_regenerate_id(true) mara tu nenosiri linapokubaliwa. Mtu anaweza kumpandikizia mwenzake namba ya sesheni kabla hajaingia, akasubiri aingie, kisha akaitumia ile ile. Namba ikibadilika wakati wa kuingia, mtego huo unabaki mtupu. Ila usiibadilishe kwa kila ombi, kama baadhi ya mafunzo yanavyoshauri: kwenye mtandao wa simu unaokatikakatika, jibu lenye kidakuzi kipya likipotea njiani, mtumiaji hutupwa nje bila kosa. Badilisha anapoingia na pale anapopanda ngazi ya mamlaka, basi.

Ukiona onyo la "headers already sent" na sesheni haishiki, fungua faili la kwanza linaloitwa. Mara nyingi kuna mstari mtupu kabla ya <?php, au faili lilihifadhiwa kwa UTF-8 yenye alama ya BOM mwanzoni, ambayo macho hayaioni.

Muda wa sesheni ndio unaoleta malalamiko mengi ya watumiaji, na majibu mengi yanayotolewa hayagusi chanzo. PHP huja na session.gc_maxlifetime ya sekunde 1440, yaani dakika 24. Afisa mikopo anajaza fomu ndefu, anasubiri mdhamini wa pili alete kitambulisho, anabonyeza kuhifadhi, anarudishwa kwenye ukurasa wa kuingia na kazi yote imepotea. Mjenzi anaandika ini_set ndani ya programu kuongeza muda, na kwenye Debian au Ubuntu haibadiliki kitu. Sababu ni kwamba huko usafishaji wa /var/lib/php/sessions hufanywa na kazi ya ratiba inayosoma php.ini, wala haioni ulichoandika ndani ya programu. Kwenye seva ya kukodi yenye programu kadhaa zinazotumia folda moja ya sesheni, programu yenye muda mfupi kuliko zote inaweza kuzifagia na za wenzake. Upande wa pili, pale usafishaji unapofanywa na PHP yenyewe, hutokea kwa bahati nasibu, ombi moja kati ya mia au elfu kutegemea mpangilio, hivyo sesheni iliyopaswa kufa saa nne inaweza kuwa hai saa sita. Usiutegemee kama ulinzi.

Tenga folda yako kwa session.save_path, kisha uhesabu muda mwenyewe. Ndani ya sesheni hifadhi saa aliyoingia na saa ya ombi la mwisho. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa 800-63B kwa ngazi ya pili ya uthibitisho, ilitaka mtu athibitishwe upya baada ya dakika 30 za ukimya au saa 12 kwa jumla. Kwa dirisha la keshia naona dakika 30 ni nyingi mno, kwa kuwa anainuka kwenda kuhesabu fedha na kompyuta inatazamana na wateja. Dakika 10 hadi 15 zinafaa, na kikomo cha saa 9 kinacholingana na siku ya kazi. Fomu ndefu zihifadhiwe kama rasimu kila baada ya sekunde 30, ili akiingia tena akute alipoishia. Ukifanya hivyo, hakuna atakayekuomba uondoe kikomo.

Kuna mdudu mmoja, yaani kosa la programu, anayeua kikomo chote bila kelele. Ukurasa una kengele ya taarifa mpya inayouliza seva kila dakika moja. Kila swali linahesabika kama ombi, saa ya mwisho inasogezwa mbele, na sesheni haifi hata keshia akienda chakula cha mchana. Maombi ya namna hiyo yapite njia isiyogusa saa ya mwisho.

Wengine hufunga sesheni na anwani ya IP, wakidhani wameongeza kufuli. Kwa wanachama wanaoangalia salio kwa simu ni adha tupu. Simu ikitoka kwenye Wi-Fi kwenda data, anwani inabadilika. Opera Mini hupitisha kurasa kwenye seva zake, kwa hiyo anwani unayoiona si ya simu kabisa. Kwa sababu hiyo hiyo usifungie IP nzima baada ya majaribio matano mabovu ya nenosiri: kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na utawafungia wasiohusika. Hesabu majaribio kwa akaunti, kisha chelewesha: sekunde 1, 2, 4, 8. Ujumbe wa kosa uwe mmoja tu, "jina au nenosiri si sahihi," ili mtu asiweze kuchuja majina yaliyopo na yasiyopo.

Kutoka nako kuna hatua tatu, na wengi hufanya moja. Safisha safu ya $_SESSION, futa kidakuzi kwa path na domain zile zile kilizowekewa, kisha ita session_destroy. Kurasa zote za ndani zitoke na heda ya Cache-Control: no-store, bila hiyo, atakayekaa kwenye kiti baada ya keshia atabonyeza kitufe cha kurudi nyuma na kuona salio la mwanachama wa mwisho. Na usiseme "akifunga kivinjari sesheni inakufa." Chrome iliyowekwa iendelee pale ilipoishia hurudisha na vidakuzi vya sesheni.

Sasa ruhusa, ambako ndiko fedha zinakopotelea.

Kuficha kitufe si kumzuia mtu. Menyu ya keshia haina neno "Idhinisha", lakini idhinisha.php iko pale pale na inapokea ombi la yeyote aliyeingia. Jamaa wa karibu wa kosa hili ni header('Location: ingia.php') isiyofuatwa na exit. Kivinjari kinaondoka, mtumiaji anaona amekataliwa, ilhali PHP inaendelea kutekeleza mistari iliyobaki hadi mwisho, pamoja na ule unaofuta rekodi.

Kila ombi lipite maswali matatu, kwa mpangilio huu: ameingia? ana ruhusa ya kitendo hiki? ana haki juu ya rekodi hii hasa? Swali la tatu ndilo lililokosekana kwenye ile 418 na 419. Liweke ndani ya swali la hifadhidata lenyewe, lisibaki kwenye if inayoweza kusahaulika:

SELECT * FROM mikopo WHERE id = ? AND tawi_id = ?

Tawi litoke kwenye rekodi ya mtumiaji upande wa seva, kamwe lisitoke kwenye fomu. Rekodi isipopatikana, jibu 404 (haipo), usimwambie kama ipo ila si yake. Kubadili namba ziwe ndefu za kubahatisha kunapunguza kukisia, lakini kiungo hutumwa WhatsApp, hubaki kwenye historia ya kivinjari, huchapwa chini ya karatasi. Ukaguzi unabaki palepale.

Kuhusu majukumu, usiandike if ($cheo == 'meneja') kwenye kurasa. Siku bodi itakapomruhusu naibu meneja kuidhinisha mikopo midogo, utazunguka faili themanini na utaruka matatu. Jenga majedwali matano: watumiaji, majukumu, ruhusa, na mawili ya kuunganisha, mtumiaji na jukumu, jukumu na ruhusa. Ruhusa ipewe jina la kitendo: mkopo.andika, mkopo.idhinisha, mkopo.lipa, mwanachama.hariri. Ukurasa uulize ruhusa tu, usijue chochote kuhusu vyeo. Maombi yote yaingie kwa faili moja lenye orodha ya njia na ruhusa inayotakiwa kwa kila njia, na njia isiyo kwenye orodha ikataliwe. Mjenzi akisahau kuisajili, ukurasa hautafunguka na atakumbushwa siku hiyo hiyo. Mpangilio wa kinyume, ambapo kila kitu kiko wazi mpaka kifungwe, husahaulika bila mtu kujua.

Ruhusa pekee haitoshi kwenye mkopo. Aliyeuandika asiwe aliyeuidhinisha, hata kama ana ruhusa zote mbili, na katika ofisi yenye watu wanne atakuwa nazo. Weka sharti hilo kwenye programu, kisha liweke tena kwenye jedwali: CHECK (aliyeidhinisha <> aliyeandika). Mkopo ambao haujaidhinishwa una NULL na utapita bila tatizo. Lakini angalia toleo la MySQL yako. Kabla ya 8.0.16 ilisoma CHECK, ikakubali, na isiitekeleze kabisa. Ukihamia kwenye seva ya zamani ya kukodi, sharti lako limekuwa maandishi matupu. Jaribu kwa kuingiza rekodi mbovu makusudi uone kama inakataliwa.

Halafu mfanyakazi ambaye ni mwanachama. Jedwali la watumiaji liwe na safuwima ya mwanachama_id, na kila kitendo cha kuandika kwenye mkopo, akiba au hisa kikatae pale namba ya mwenye rekodi inapolingana na ya anayefanya. Afisa mikopo asijipunguzie riba, keshia asijiwekee amana, meneja asijiondolee adhabu ya kuchelewesha rejesho. Mambo yao yashughulikiwe na mwenzao. Kuhusu wadhamini mfumo ufanye vivyo hivyo: mfanyakazi asiidhinishe mkopo anaoudhamini.

Fomu ya kuhariri wasifu nayo ina shimo. Programu inayochukua kila kilichotumwa na kukimimina kwenye UPDATE itapokea na jukumu_id aliyoiongeza mtumiaji kwa mkono. Taja sehemu zinazoruhusiwa kubadilishwa moja moja.

Mtu akifukuzwa kazi saa nne asubuhi, anaacha kuwa na uwezo saa ngapi? Mifumo mingi hupakia ruhusa kwenye $_SESSION wakati wa kuingia na kuzitumia hadi kutoka, kwa hiyo jibu ni jioni, au kesho. Ndani ya sesheni weka namba ya mtumiaji na za muda tu. Ruhusa zisomwe kwenye hifadhidata kila ombi. Ni utafutaji wa ufunguo mkuu, na kwa SACCOS ya watumiaji arobaini hautauona kwenye kasi. Ukiona ni mzigo, ongeza safuwima ya toleo kwenye watumiaji, ipandishe kwa 1 kila ruhusa zinapobadilika au nenosiri linapobadilishwa, na sesheni yenye toleo la zamani ifungwe. Kwa sababu hiyo hiyo siungi mkono JWT, tokeni iliyosainiwa inayobeba taarifa za mtumiaji ndani yake, kwenye mifumo ya namna hii. Tokeni iliyosainiwa haiwezi kurudishwa kabla ya muda wake kwisha, isipokuwa utunze orodha ya zilizokataliwa, na ukitunza orodha hiyo umerudi kwenye sesheni kwa njia ndefu. Kwa programu ya simu inayoihitaji, iishi dakika 15, isizidi.

Likizo ndiyo inayozaa ushirikaji wa manenosiri. Mhasibu anaondoka wiki mbili, malipo hayawezi kusimama, anamwachia mwenzake nenosiri kwenye karatasi. Karipio halitazuia hilo, kwa kuwa kazi lazima iendelee. Kinachozuia ni kaimu ndani ya mfumo: kwenye jedwali linalounganisha mtumiaji na jukumu ongeza safuwima mbili, kuanzia na hadi. Meneja anampa mwenzake jukumu la uhasibu kuanzia tarehe fulani hadi fulani, likifika mwisho linaondoka lenyewe, na kumbukumbu zinaonyesha jina la aliyefanya kazi kweli. Akaunti moja ya "keshia" inayotumiwa na watu watatu ifutwe leo. Fedha zikipungua, kamati ya usimamizi haitakuwa na pa kuanzia.

Kumbukumbu zenyewe ziandike nani, kitendo gani, rekodi ipi, thamani ya awali, thamani mpya, saa, na IP. Ziandike na waliokataliwa. Keshia aliyekataliwa mara kumi na tano kwenye idhinisha.php ni habari. Programu iwe na haki ya INSERT na SELECT tu kwenye jedwali hilo. MySQL haikubali umpe mtumiaji haki zote za hifadhidata nzima kisha umnyang'anye jedwali moja, hivyo toa haki jedwali kwa jedwali.

Jambo dogo linalosumbua sana: kompyuta moja, tabo mbili. Keshia A ameacha fomu ya amana wazi, keshia B anaingia kwenye tabo nyingine, kidakuzi ni kimoja, na fomu ya A ikitumwa inaandikwa kwa jina la B. Funga tokeni ya fomu na namba ya mtumiaji, ili ya A ikataliwe. Na ukiona tabo ya pili inaganda wakati ripoti ndefu inatengenezwa kwenye ya kwanza, ni PHP imefunga faili la sesheni. Ita session_write_close baada tu ya kusoma unachohitaji.

Upimaji ufanywe kwa jedwali la karatasi: majukumu juu, njia zote pembeni, na kila kisanduku kiwe na ndiyo au hapana iliyokubaliwa na meneja kabla ya msimbo kuandikwa. Ingia kama keshia, nakili PHPSESSID, kisha kwa curl -i -b, amri inayotuma maombi bila kivinjari, gonga kila njia yenye hapana. Tahadhari mbili. Ombi la POST lisilo na tokeni ya fomu hupata 403 (umekataliwa) kwa sababu ya tokeni, nawe utadhani ruhusa inafanya kazi. Weka tokeni halali ya keshia huyo ndipo upime. Na ukipata 302, yaani elekezo la kwenda ukurasa mwingine, usiweke -L inayolifuata. Soma mwili wa jibu hilo lenyewe: ukiukuta una kilobaiti kadhaa za majina na salio, ile exit haipo.